Nukta Nyeusi Chini ya Kichupa

Wenzake walipostaafu walijenga vyumba vya kupangisha. Yeye alichimba shimo.

Kwa muda mrefu mtaa mzima uliamini kwamba ni shimo la choo, na wapita njia walimpongeza kwa ukubwa wa ukoo aliokuwa akitarajia kuupokea. Shimo lilipopakwa rangi ya buluu, likawekwa ngazi za zege pembeni na bomba la chuma la kushikilia, ndipo watu wakaelewa. Mkaguzi mstaafu wa mizani, mtu aliyemaliza ujana na utu uzima wake akiwanyang'anya wauza nyama mawe ya uongo, alikuwa amejijengea bwawa la kuogelea. Tena la maji ya chumvi. Jina la Mizani alikuwa nalo tangu kazini. Baada ya bwawa watu walijaribu kumpa mengine, lakini hayakushika, kwa sababu hayakumkera.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaani aliitwa Mama Pacha kwa heshima ya watoto wawili aliowazaa kwa mkupuo mmoja na ambao kwa mkupuo mmoja vilevile walihamia nchi za mbali. Alikuwa ameshona sare za shule mpaka akaweza kumtambua mtu mzima barabarani kwa urefu wa mikono aliyokuwa nayo darasa la nne. Kuhusu bwawa hakuwa na maoni. Au tuseme alikuwa nayo, ila aliyatunza, kama alivyotunza vipande vya vitambaa, vifungo visivyo na wenzake na zipu zilizong'oka meno upande mmoja. Katika nyumba ile hakuna kilichotupwa. Kilichoharibika kilihamishiwa chumba kingine.

Mizani alichagua chumvi kwa sababu alisoma mahali kwamba bwawa la chumvi halihitaji klorini. Fundi wa mabwawa alipokuja kufunga mashine, mtu mnene mwenye kicheko kilichomtangulia getini, alilazimika kumweleza ukweli.

"Mzee, hii mashine inachukua chumvi, inaipiga umeme, inatoa klorini. Klorini ileile."

"Kwa hiyo mimi nimenunua nini?"

"Umenunua kiwanda cha klorini, mzee. Hongera sana."

Mizani akauliza vipimo. Hapo ndipo alipojiona yuko nyumbani. Ndani ya kibanda cha pampu alipanga rafu ya vikombe vya kupimia, kimoja cha asidi, kimoja cha soda, kimoja cha ule unga mweupe ambao Fundi aliuita dawa ya jua. Kazi ya dawa ya jua ni kuikinga klorini isiungue na jua. Bila hiyo mashine inatengeneza asubuhi na jua linakula mchana. Kwenye kopo iliandikwa kwamba kila mwanzo wa kiangazi mwenye bwawa aweke kipimo chake. Mizani aliweka. Kila mwanzo wa kiangazi alijaza kikombe, akapitisha ukingo wa rula juu yake ili isizidi punje wala isipungue punje, akaitia majini kwa mkono uliotulia. Hakuwahi kuruka msimu hata mmoja. Mtu aliyewafungia wengine maduka kwa upungufu wa vidole viwili vya sukari hawezi kukosea kikombe chake mwenyewe.

Mama Pacha naye alikuwa na kazi yake. Filta ya bwawa huoshwa kwa kurudisha maji kinyume, na maji hayo machafu hutoka kwa mpira mnene kwenda mtaroni. Mara ya kwanza alipoona maji yanakwenda hivyo, mengi, ya kulipia, alihisi kama mtu anayeshuhudia kitambaa kizuri kikikatwa matambara. Akaleta mapipa. Maji ya filta yakaingia mapipani, uchafu ukatuama chini, na kesho yake yeye akayachota yale ya juu kwa ndoo na kuyarudisha bwawani. Alipoona pia kwamba mvua inajaza bwawa mpaka linafurika, akamwita mwashi aelekeze maji ya paa barabarani, ili chumvi yao isiende na mafuriko.

"Mama, wewe ungepewa wizara," Fundi alimwambia, na alimaanisha.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Mmoja akiweka kwa usahihi, mwingine akihakikisha hakitoki kitu.

Kisha Mizani alipigwa na kiharusi. Kilimkuta akiwa ameketi, na kwa kuwa hakuanguka, ilichukua muda watu kugundua. Kilimwachia upande wa kushoto, uso uliopinda kidogo kama wa mtu anayezuia kucheka, na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa lile alilolitumia kazini kila mizani ilipofaulu ukaguzi: kamili. Ukimpa chai, kamili. Ukimuuliza kama anaumwa, kamili. Pacha wa kwanza alipiga simu akilia, na baba yake akamjibu kwamba ni kamili, na binti akalia zaidi.

Aliyegundua jambo la maana alikuwa dada wa mazoezi, mtaalamu wa viungo aliyetumwa na hospitali, msichana wa maneno machache na mikono ya mbeba magunia. Nchi kavu Mizani alikuwa kama nguo iliyotoka kufuliwa, ukimsimamisha anamwagika. Dada alitazama bwawa, akatazama bomba la chuma, akasema, "Mama, tumtie majini."

Walimtia. Maji yalipomfika kifuani, pale kwenye kona ya ngazi, mkono wa kushoto ukalishika bomba na miguu ikasimama. Ilisimama yenyewe. Baada ya majuma kadhaa ilianza kutembea, hatua za kuiba, kutoka kona moja hadi nyingine na kurudi. Mama Pacha aliketi ukingoni na taulo mapajani, na kila alasiri kwa kitambo kifupi alikuwa na mume mwenye kimo. Alikuwa amesahau kwamba ni mrefu.

"Ila nikuambie, mama," dada wa mazoezi alisema siku moja akikamua maji kwenye suruali yake. "Hii miguu ina kumbukumbu fupi. Isipokumbushwa inasahau. Na ikishasahau, mimi sina la kufanya. Usinipigie simu ukilia, maana sina."

"Nimekuelewa."

"Wote husema wameelewa."

Kiangazi kilichofuata maji yakabadilika rangi.

Mwanzoni ilikuwa kivuli tu, kitu ambacho jicho la mshonaji pekee lingekiona: buluu iliyoegemea upande usiofaa. Kisha ngazi zikawa na utando wa kuteleza. Kisha sakafu ya bwawa ikapotea, na Mizani akawa anatembea juu ya miguu asiyoiona. Alitoka na mchubuko kisiginoni. Mchubuko ukawa kidonda, na dada wa mazoezi alikitazama kwa namna ya mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi.

"Haingii tena humu mpaka yasafike."

"Kwa muda gani?"

"Mimi nitajuaje? Maji ni yako."

Kuanzia hapo Mama Pacha akawa na kazi moja duniani.

Alitoa kiboksi cha vipimo. Unajaza maji ya bwawa kwenye kichupa, unadondosha matone, rangi inatokea, unailinganisha na rangi zilizochapwa pembeni. Kazi hiyo aliiweza. Amelinganisha nyuzi na vitambaa maisha yake yote. Njano ya klorini ilitoka, tena njano ya kutosha. Klorini ilikuwepo. Akapima uchachu wa maji, ukawa umeshuka, akaupandisha kwa asidi. Kesho yake maji yalikuwa ya kijani vilevile, ila sasa yalikuwa na uchachu unaofaa.

Akamwita Fundi.

"Klorini ipo," Fundi alisema akiinua kichupa kwenye mwanga. "Ipo kabisa. Ila haifanyi kazi."

"Kitu kinakuwepoje na hakifanyi kazi?"

"Mama, unaniuliza mimi? Si umewahi kwenda ofisi yoyote ya umma?" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Imeajiriwa, inasaini asubuhi, inaning'iniza koti kwenye kiti."

Utani ule ndio uliokuwa jibu lenyewe. Lakini hakuna aliyejua, hata yeye aliyeutoa.

Fundi alifungua mashine. Ndani, zile sahani za chuma zilikuwa zimeota magamba meupe kama birika la zamani. Alizilowesha kwenye asidi, zikachemka na kutoa harufu ya kukabisha, zikatoka zinang'aa. Mashine ikawasha taa yake ya kijani. Bwawa nalo likabaki kijani, na kwa siku ile walau vitu viwili vilikubaliana. Wakapandisha nguvu ya mashine hadi mwisho. Njano kwenye kichupa ikazidi kukolea, na ukijani haukupungua. Dukani wakamuuzia chupa ya kuua utando, na alipoimimina na kuwasha pampu, bwawa likatoa povu kama sufuria ya dengu. Povu lilikaa kwa majuma. Jirani, mwalimu mstaafu, alichungulia juu ya ukuta na kuuliza kama wanapokea nguo za kufua.

"Lete," Mama Pacha alimjibu, "ila zikitoka na rangi ya majani usinidai."

Mizani alitazama yote haya akiwa kwenye kiti cha barazani. Kila alasiri, saa yake ya maji ilipofika, alianza kujivuta kuelekea ukingo wa kiti, na kila alasiri ilibidi aambiwe upya.

"Leo hapana, Baba Pacha. Maji hayajakaa sawa."

"Kamili," alisema, na kuendelea kujivuta.

Ni pacha wa kwanza aliyefungua fundo. Binti huyu alikuwa amesomea kemia na kuishia kuuza bima, na kwa simu alimhoji mama yake kwa kufuata utaratibu, kitu baada ya kitu, mpaka akafika kwenye rafu ya vikombe.

"Mama. Ile dawa ya jua. Mliwahi kuipima?"

"Baba yako aliipima kila mwaka. Kwa rula."

"Sio alichokuwa anaweka. Kilichomo. Kuna kipimo chake humo kwenye kiboksi, kichupa chembamba chenye nukta nyeusi chini."

Kichupa kilikuwepo, bado kimefungwa kwenye plastiki yake. Unachanganya maji ya bwawa na dawa ya kipimo nusu kwa nusu, yanageuka maziwa. Kisha unayamimina kidogo kidogo ndani ya kichupa huku ukiangalia kutoka juu. Pale nukta inapopotea machoni, unasimama na kusoma namba ubavuni. Maji mazuri yanakuruhusu ujaze karibu mpaka juu, nukta bado inakutazama. Kadiri dawa ilivyo nyingi, ndivyo nukta inavyopotea mapema.

Mama Pacha alimimina kifuniko kimoja na nukta ikapotea.

Hakuwa hata amefika kwenye namba ya kwanza. Akadhani amekosea, akaosha kichupa, akarudia. Ikapotea palepale. Akaosha tena, na mara hii akampelekea mumewe, akakishika kichupa mbele ya macho yake na kumimina taratibu, kwa sababu kuna wakati mtu anataka shahidi hata kama shahidi mwenyewe hana ushahidi wa kutoa.

Mizani aliinamisha kichwa, akafumba jicho moja. Ilikuwa ni ile namna yake ya zamani ya kusoma mshale wa mizani, na kwa kitambo Mama Pacha alimwona mkaguzi mzima ndani ya kile kiti. Aliona nukta ikipotea. Aliisoma ile sehemu isiyo na namba. Kisha macho yake yakatoka kwenye kichupa, yakavuka uwanja, yakaenda kwenye kibanda cha pampu ambako mlango ulikuwa wazi na vikombe vyake vimepangwa kwenye rafu kwa ukubwa.

Mizani alielewa kabla ya mkewe. Dawa ya jua haiungui, haiyeyukii hewani, hailiwi na kitu. Inatoka kwa njia moja tu, nayo ni maji kutoka. Wenye mabwawa wengine, wazembe, humwaga maji ya filta mtaroni na kuacha mvua ifurike, na bila kujua hupunguza wanachoongeza. Hapa kila punje aliyowahi kuitia kwa rula ilikuwa bado imo, misimu yote, imeshikana na klorini na kuikalia. Hakuwahi kukosea kipimo hata mara moja.

"Kamili," alisema, kwa sauti ndogo, akageuza uso ukutani.

Na Mama Pacha akayakumbuka mapipa. Yalikuwa palepale, kando ya kibanda.

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Mmoja hakuwa na maneno na mwingine hakuwa na nguvu.

"Dawa ya kuondoa dawa ya jua ni moja," Fundi alisema alipoletewa habari. "Mtaro. Mwaga theluthi mbili, jaza maji mapya, kwisha habari. Nashangaa sikufikiria."

"Nami nashangaa hukufikiria. Tujaze na nini?"

"Swali zuri."

Fundi alisema swali zuri kila alipokuwa hana jibu, na mwaka ule alilisema sana. Maji ya bomba yalikuwa yanatoka kwa zamu, kwa kukohoa. Mamlaka ya maji ilikuwa imebandika tangazo kila nguzo kwamba ni marufuku kujaza mabwawa ya kuogelea, na wenye malori ya maji, ambao kwa kawaida huuza mpaka kwa shetani akiwa na chenji, waliogopa kunyang'anywa leseni.

Mama Pacha alikwenda ofisi ya maji. Alivaa gauni lake la kwenda kwenye ofisi na kupanga foleni. Karani wa dirishani alimsikiliza akiwa ameegemeza shavu kwenye ngumi.

"Bwawa la kuogelea," karani alirudia, kwa sauti ya kuwagawia wote waliokuwa nyuma.

"Ni la mgonjwa, mwanangu. Anasimama humo."

"Mama, watu hawana ya kunywa."

"Najua. Na mimi sina."

"Hata mimi naumwa mgongo," mtu mmoja alidakia kwenye foleni. "Mniandikie bahari!"

Watu wakacheka. Mama Pacha mwenyewe nusura acheke, maana ilikuwa imetoka vizuri. Karani akamwambia aandike barua, na kwa namna alivyolisema hilo neno, ilieleweka kwamba barua zina mahali pake pa kwenda kupumzika.

Angeweza kungoja. Maji machafu walau ni maji, na shimo tupu ni shimo. Lakini kila alipomvua mumewe suruali aliona paja likizidi kuwa jembamba ndani ya kitambaa alichokijua vipimo vyake. Alikuwa amepunguza kiuno cha suruali zile mara mbili. Akaamua kumwaga, kwa hesabu kwamba mawingu yatakapokuja, asijikute na bwawa lililojaa uchafu na mvua inafurika juu yake. Hesabu yenyewe haikuwa mbaya. Ilikosa mvua tu.

Pampu ilifanya kazi mchana kutwa. Maji ya kijani yalikwenda mtaroni yakitoa povu la mwisho, na wenye bustani chini ya barabara waliyakimbilia na ndoo, wakayaonja, wakayatukana. Zilipobaki futi chache upande wa kina, Mama Pacha alizima pampu. Akateremka ngazi, akachota, akachanganya, akamimina. Alikuwa na matumaini. Hilo lazima lisemwe, maana halikutokea tena.

Nukta ilipotea palepale.

Alimpigia Fundi akiwa bado amesimama ndani ya bwawa.

"Nimetoa theluthi mbili na kipimo hakijashuka hata kidogo!"

"Mama, ukinywa nusu kikombe cha chai, iliyobaki inapungua utamu?"

Alifikiri. "Hapana."

"Sasa je? Inapungua ukiongeza maji."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Wewe si mtu wa jikoni?"

Alipoinua macho alimwona Mizani barazani, mdomo umepinda. Kwa uso ule hakuna aliyeweza kujua kama anacheka. Mkaguzi wa mizani, bila shaka, alijua mambo ya chai.

Mawingu yalikuja, yakakaguliwa na mtaa mzima, yakaenda kunyesha kwingine. Mama Pacha alishona mkanda mpana kutoka kwenye mabaki ya kitambaa cha sare, kile kigumu cha kaptula za wavulana, mshono mara tatu, na vishikio viwili nyuma. Kila alasiri alimfunga mumewe kiunoni na kumwinua kutoka kitini, mkono wake wa kushoto kwenye nguzo ya baraza. Mkanda ulifanya kazi nzuri mno. Ungeweza kuinua pikipiki. Alimwinua, akamshikilia hewani mpaka mikono yake mwenyewe ikatetemeka, na miguu ikaning'inia juu ya saruji kama mikono ya koti.

"Kanyaga, Baba Pacha. Kanyaga basi, mume wangu."

"Kamili."

Zamu ya maji ilipowaangukia, alijaza matangi ya nyumba, na kilichobaki, ndoo moja au mbili, alikipeleka bwawani. Akaimimina pale juu ya ngazi na kuisikiliza ikishuka. Chini haikuonekana ilikotua. Dada wa mazoezi alikuja, akaminya misuli, akaenda zake. Safari iliyofuata alikuja akiwa amechelewa. Iliyofuata alituma ujumbe kwamba ana wagonjwa wengi, na alikuwa nao kweli. Jirani mwalimu aliacha utani. Hapo ndipo Mama Pacha alipojua hali ni mbaya.

Mvua ilipokuja ilikuja bila kuomba radhi. Mama Pacha alimwita mwashi yuleyule, akamwamuru aling'oe bomba alilolielekeza barabarani na kulirudisha bwawani.

"Si wewe uliyesema yasiingie?" mwashi aliuliza chini ya mwavuli.

"Nilisema."

"Sasa unataka yaingie."

"Baba, ng'oa bomba."

Gata za paa zikatapika bwawani usiku na mchana. Mahali gata zilipovuja alizishonea midomo ya turubai. Maji yalipanda ngazi moja, kisha nyingine, ya rangi ya vumbi la bati mwanzoni, kisha ya rangi ya kitu chochote. Yalipofika kwenye kigae cha juu akapima. Alimimina, akamimina, na nukta ilikuwa bado inamtazama. Ilififia karibu na juu kabisa, pale maelezo ya kiboksi yanaposema ipotee.

Mashine ilipowashwa ikawasha taa nyekundu na kukataa kazi, kwa sababu chumvi nayo ilikuwa imekwenda na yale mengine. Sasa kila kitu kilikuwa pungufu. Fundi alileta magunia ya chumvi, wakayamimina wakitembea kuzunguka ukingo, yeye akiimba kama mpanda mpunga. Uchachu ukarekebishwa. Klorini, ikiwa haijakaliwa na mtu, ikaripoti kazini na kumaliza kazi yote kwa muda mfupi wa kuaibisha. Maji yakawa meupe mpaka ukaona nyufa za rangi sakafuni, na kifungo kimoja cha shati, cha zamani sana, karibu na tundu la kutolea maji.

"Ukiruhusu, nilipige picha nionyeshe wateja," Fundi alisema.

"Piga."

Kidonda cha kisigino kilikuwa kimepona siku nyingi. Dada wa mazoezi aliitwa, akaja, tena mapema. Wakamfunga Mizani mkanda, wakamteremsha ngazi kinyumenyume kama walivyozoea. Maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Mkono wa kushoto ukalitafuta bomba la chuma ukalipata bila kutazama.

"Haya, baba," dada alisema. "Simama."

Miguu ilipanda. Ilikuja juu polepole, yote miwili, vidole vikatokeza juu ya maji na kubaki pale, vyeupe, vimetulia. Dada alizama mpaka shingoni, akaishika, akairudisha chini, akakanyagisha nyayo sakafuni kwa mikono yake yote miwili na kuzishikilia. "Kanyaga, baba. Sakafu hiyo hapo. Unaisikia?" Akaiachia. Ikapanda.

Walijaribu mpaka midomo ya dada ikabadilika rangi. Mizani alitazama vidole vyake kwa udadisi wa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa bidhaa za mwenzake.

"Kamili," alisema.

Dada alitoka, akajifunga taulo. Hakumtazama Mama Pacha, alitazama bwawa.

"Maji mazuri sana, mama," alisema hatimaye. "Sijawahi kuyaona yakiwa mazuri hivi."

"Ndiyo," alisema Mama Pacha. "Yamepona."

Dada alipoondoka, Mizani alikataa kutoka. Alikataa kwa kulishika bomba. Basi mkewe akamkalisha kwenye ngazi ya pili, maji kifuani, akaushika mwisho wa mkanda asije akateleza. Mshale wa kipimo cha msukumo kwenye filta ulikuwa umepanda, dalili kwamba imeziba. Ilikuwa siku ya kuosha. Aliigeuza koki ya filta, pale karibu na ngazi, kwa mkono mmoja, na kwa mazoea akalivuta pipa kwa mguu kulileta chini ya mpira. Akalitazama. Akalipindua, akalikalia.

Maji yakatoka kwenye mpira, machafu kidogo, kisha safi, safi kabisa, yakaenda mtaroni na kuvuka barabara. Aliyaacha. Aliketi juu ya pipa, mkanda mkononi, na upande wa pili wa mkanda mumewe alikuwa anaisukuma miguu yake chini kwa ule mkono mmoja mzima, kwanza mmoja, kisha wa pili, na wa kwanza unarudi juu.